Puti Haitibu Kutu: Kinachoendelea Chini ya Rangi ya Pikapu Kuukuu

Mwenye pikapu kuukuu anayezunguka gereji za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, akiulizia bei ya kutengeneza bodi iliyooza, hukutana na jambo linalomchanganya. Gari ni lile lile na matundu ni yale yale, lakini fundi mmoja anamwambia kazi itakwisha kwa siku tatu, ilhali mwingine anataka gari likae kwake wiki tatu na anadai fedha maradufu, pengine zaidi ya hapo. Maneno huanzia hapo. Vijiweni wapo wanaosema fundi wa pili ni mwizi, wapo wanaosema wa kwanza ni mbabaishaji, na wapo wanaofunga mjadala kwa kudai kwamba kutu ni kutu tu, ikishaingia haitoki. Ukweli ni kwamba mafundi hao wawili hawauzi kazi moja. Mmoja anauza sura ya gari na mwingine anauza chuma, na mteja hawezi kuzipima bei zao kwa haki mpaka ajue kutu ni nini na inakaa wapi.

Ni vyema kuanza na majina. Shasi ni fremu ya chuma kinene inayobeba injini, ekseli na mzigo. Bodi ni kabini na sehemu ya kubebea mizigo, ambazo kwenye pikapu nyingi za zamani zimefungwa juu ya shasi kwa boliti na zinaweza kunyanyuliwa zikatolewa. Puti ni ule ujiuji unaochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuugandisha, na kupakwa kwa kibao ili kusawazisha uso wa bati kabla ya rangi. Praima ni rangi ya awali inayopigwa ili rangi ya juu ishike. Vitu hivi vinne vina kazi tofauti kabisa, na sehemu kubwa ya ugomvi kati ya mafundi na wateja hutokana na kukipa kimoja kazi ya kingine.

Kutu yenyewe huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni kwa pamoja. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, chuma hakili kutu, na ndiyo maana mbinu zote za kuzuia kutu, ziwe za bei ghali au za bei poa, zina lengo moja la kukitenga chuma na unyevu na hewa. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni kwamba kutu si uchafu ulioshika juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichogeuka kuwa kitu kingine. Kila gamba jekundu linalodondoka chini ya gari ni unene uliopungua kwenye bati. Tena kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, hivyo huvimba, huinua rangi iliyo juu yake, na kwa kuwa ina vinyweleo hunyonya maji mengine na kuyapeleka kwenye chuma kizima kilicho chini. Lile lengelenge dogo la rangi juu ya digadi ni dalili ya mwisho ya kazi iliyoanza zamani upande wa ndani.

Chumvi huongeza kasi, na hapa ndipo penye dhana ya kwanza inayostahili kuondolewa. Husemwa sana kwamba kutu ni maradhi ya Tanga na Dar es Salaam, na kwamba gari la Kigoma limesalimika kwa sababu Ziwa Tanganyika ni la maji baridi. Ni kweli kwamba upepo wa ziwa hauna chumvi kama ule wa bahari. Lakini pikapu ya Kigoma haipigwi na upepo tu, inabeba mizigo. Inabeba chumvi ya Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na inabeba samaki waliotiwa chumvi pamoja na migebuka, samaki wa ziwa hili, iliyowekwa kwenye barafu, ambayo maji yake huvuja njia nzima. Chumvi hufanya mambo mawili. Huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kitendo cha umeme mdogo unaopita kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Pia huvuta unyevu kutoka hewani: unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe. Kwa hiyo pikapu iliyomwagikiwa chumvi kisha ikalazwa chini ya bati kavu usiku wa masika hulowa bila tone la mvua kuiangukia.

Zaidi ya hayo, magari mengi yaliyotumika huku yalitoka Japani, na maeneo ya kaskazini ya nchi hiyo, kama Hokkaido, humwagiwa chumvi barabarani wakati wa majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Gari linaweza kufika Kigoma likiwa na rangi inayong'aa na kilomita chache, na huku chini shasi imeanza kumenyeka. Si magari ya bei nafuu pekee yanayopatwa na hili. Mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kesi iliyohusu shasi za pikapu zake za Tacoma na Tundra na gari la Sequoia zilizodaiwa kuliwa na kutu kabla ya wakati.

Kutu hupenda mahali ambapo maji huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Katika pikapu mahali hapo ni sehemu ya chini ya milango, boriti ya bati ambayo abiria huikanyaga akipanda, pembe za kioo cha mbele chini ya mpira, sakafu ya kabini chini ya zulia, nyuma ya madigadi, na maungio ya sehemu ya mizigo. Boriti ile ya mlangoni ni bomba la bati lililo wazi kwa ndani, na ni ndugu wa nguzo iliyoliwa na mchwa: nje imesimama wima na rangi yake, ndani ni vumbi, na mwenyewe hugundua siku anapoiegemea. Kiwanda kiliacha vitundu chini ya milango na chini ya boriti hizo ili maji yatoke. Ukichuchumaa ukachokonoa kitundu kimoja kwa bisibisi nyembamba, kwenye gari lililozunguka barabara za vumbi kwa miaka mingi, hutoka kwanza donge la udongo mwekundu lililokauka, kisha maji meusi yenye harufu, hata kama mvua ilinyesha juzi. Kwenye maungio ya sehemu ya mizigo utakuta magamba ya dagaa yamegandamana kama ngozi. Kuzibua vitundu hivyo hakugharimu kitu, na binafsi naona ni kazi yenye faida kuliko rangi yoyote utakayonunua.

Kabla ya kukubali bei ya fundi, na hasa kabla ya kununua pikapu iliyopakwa rangi jana, kuna vipimo vitatu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya. Cha kwanza ni sumaku, na ile iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu inafaa kabisa. Ifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze, kisha ipitishe polepole juu ya bodi. Pale penye bati utaisikia ikivuta, na pale penye puti nene italegea au kudondoka. Cha pili ni kugonga kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza au lililojazwa puti hutoa sauti butu. Cha tatu, kwa ridhaa ya mwenye gari, ni kubonyeza kwa ncha ya bisibisi chini ya gari mahali panapotiliwa shaka. Chuma kizima hakitakuruhusu kupita.

Vipimo hivyo humwonyesha mtu kutu imefika kina gani, na kina ndicho kinachopanga kazi na bei. Kutu ya juu juu ni ile iliyopaka wekundu tu, bati likiwa bado na unene wake. Hii huondolewa kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ikapigwa praima siku hiyo hiyo, na habari yake ikaishia hapo. Kutu ya vishimo ni ngumu zaidi, kwa sababu imechimba mashimo madogo ambayo msasa haufiki chini yake. Kila kishimo kilichobaki na wekundu ni mbegu. Hapa ndipo dawa za kugeuza kutu zina nafasi yake halali. Nyingi zina asidi ya fosforasi au ya tanini, ambayo hukutana na kutu na kuigeuza kuwa kitu kigumu kisichoendelea kula. Dawa hizo hufika pale tu zinapolowesha, kwa hiyo ukiipaka juu ya magamba yaliyolegea umeyageuza magamba na kuiacha kutu chini yake ikiendelea. Soda nyeusi inayosifiwa kwa kazi hii ina asidi ya fosforasi kidogo sana, pamoja na sukari nyingi itakayokuletea sisimizi na kuzuia rangi isishike.

Aina ya tatu ni kutu iliyotoboa, na hii haina dawa ya chupa. Bati lililotoboka halipo tena, na kitu kisichokuwepo hakitibiwi bali hukatwa pembeni mwake mpaka kwenye chuma kizima, kikawekwa kingine. Fundi wa siku tatu na fundi wa wiki tatu huachana hapa. Wa kwanza atapasafisha kidogo, ataweka nyuma ya tundu kipande cha wavu, gazeti au kitambaa, atajaza puti, atapiga msasa na rangi. Siku unapolichukua gari huwezi kuona tofauti. Lakini puti ya magari ina unga wa jiwe laini ndani yake na hunyonya maji. Upande wa nyuma, ambao hakuna aliyeupaka chochote, hupokea maji ya barabarani, huyashikilia dhidi ya kingo za tundu, na kutu huendelea ikiwa imepata nyumba yenye unyevu wa kudumu. Baada ya masika moja au mawili kipande chote hudondoka, na tundu huwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Haimaanishi kwamba puti ni kitu kibaya. Ni kitu kizuri kikitumika mahali pake, yaani juu ya bati zima, safi na kavu, kusawazisha bonde ambalo nyundo imeshindwa kulimaliza. Fundi bodi mzuri hunyoosha kwanza kwa nyundo na chuma cha kukinga upande wa pili, akibakiza bonde la milimita mbili au tatu tu, ndipo apige puti. Hadina huwekwa kiasi cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Ikizidi, puti hukauka upesi na kuwa dhaifu, na wakati mwingine rangi yake hupenya hadi juu. Kosa moja linalofanyika sana ni kuisugua puti iliyo wazi kwa msasa wa maji. Msasa wa maji ni wa praima na rangi. Puti husuguliwa kavu, kwa sababu maji inayoyanywa hubaki humo na kutafuta njia ya kutokea chini ya rangi mpya.

Fundi wa pili, anayekata, ana shughuli nyingine. Bati la kabini ya pikapu kwa kawaida halifiki milimita moja kwa unene. Kipande cha kuweka kinapaswa kukaribiana nalo, kwa mfano bati la geji 20, ambalo lina kiasi cha milimita 0.9. Bati la kuezekea nyumba, ambalo wengine hulitumia kwa kuwa lipo uani, ni la geji 28 au 30, halifiki hata nusu ya milimita, na zinki iliyolifunika hutoa moshi mweupe likichomwa. Anayeuvuta moshi huo huamka usiku na homa na baridi akidhani ni malaria. Pembe za kipande huviringwa, kwa kuwa ufa huanzia kwenye pembe kali. Kuchomelea nako kuna namna zake. Mashine ya kawaida ya umeme na vijiti vyake vinene ni ya shasi na mageti. Ikiguswa kwenye bati jembamba huongeza matundu. Bati la kabini huungwa kwa gesi na fundi mwenye mkono mwepesi, au kwa mashine inayosukuma waya mwembamba, kwa nukta fupi fupi zinazorukiana, upande huu kisha upande ule, huku bati likiachwa lipoe. Akiunga mstari mmoja mfululizo, joto hulipinda bati na mlango hautafunga tena vizuri. Muda wa wiki tatu unaliwa na mambo kama haya, wala si uvivu.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, nyaya za betri zifunguliwe, na tangi la mafuta lililo karibu liondolewe. Tangi lililomwagwa petroli likabaki tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, ndio unaolipuka.

Sasa tuje kwenye hatua inayorukwa na mafundi wengi, hata wale wanaochomelea vizuri. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani pia. Boriti ya mlangoni ikishaungwa na kupigwa rangi nje, kwa ndani imebaki chuma kitupu kilichounguzwa, na hapo ndipo itakapoanza kuoza tena, safari hii kwa haraka zaidi. Dawa yake ni kumimina au kupuliza ndani ya boriti, kupitia vitundu vyake, nta iliyoyeyushwa au grisi iliyolegezwa, ikatambaa mpaka kwenye mshono, kisha vitundu vikaachwa wazi. Ni kazi ya saa moja. Mteja mwenye busara humwuliza fundi swali moja tu kabla ya kukubaliana bei: ndani utapaka nini? Jibu lake litakueleza mengi kuliko picha za magari aliyoyamaliza.

Dhana nyingine ni kwamba gari likishapigwa praima limekingwa. Ni kawaida kuliona gari la kijivu likizunguka mjini miezi miwili, mwenyewe akitafuta hela ya rangi. Praima nyingi za kawaida zina vinyweleo na hupitisha unyevu. Zimetengenezwa kushika rangi, si kukaa uchi mvuani. Praima za epoksi, ambazo huchanganywa na hadina yake, ndizo zinazozuia maji, nazo ni ghali zaidi. Kwa kuwa mvua za Kigoma huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei, asiye na fedha za kumaliza kazi kwa mkupuo afadhali aianze Juni, kiangazi kikiwa mbele yake, kuliko kuianza Septemba na kulikuta gari lake la kijivu limelowa Novemba.

Kuhusu oili chafu inayopakwa chini ya gari, maoni yangu ni ya katikati. Inazuia maji kwa muda, hilo haliwezi kukanushwa. Lakini oili iliyokwisha kutumika ina masizi na asidi za injini, hulainisha na kuharibu bushi za mpira, hushika vumbi linalotunza unyevu, na mvua huiosha na kuipeleka mitaroni na hatimaye ziwani tunakoteka maji ya kunywa. Isitoshe, siku utakapotaka kuchomelea au kupaka rangi mahali hapo, hapashiki kitu na huwaka moto. Mise nayo, mafuta yetu ya mawese, hulaumiwa bure kwamba yanaleta kutu. Viwanda vya Uingereza vya mabati ya kopo vilikuwa vikitumbukiza chuma kwenye mafuta ya mawese katika karne ya 19 ili kisipate kutu kabla ya kupakwa madini meupe ya bati. Tatizo la mise iliyomwagika kwenye sehemu ya mizigo ni kwamba isipoondolewa kabisa kwa sabuni na kisha kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi, rangi mpya itabanduka kama ganda la kitunguu maji.

Yote hayo ni ya bodi. Shasi ina hukumu yake, na hapo sifichi kwamba huwa siungi mkono ubanaji wa matumizi. Bodi iliyooza inaaibisha; shasi iliyooza inaua. Nyundo ndogo igongwe kwa urefu wote wa shasi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali maspringi yanaposhikwa, ambako matope hukaa mwaka mzima. Ikiwa kutu imetoboa hapo, kiraka kidogo cha bati hakitoshi. Inatakiwa chuma cha unene unaolingana na shasi, kirefu kupita sehemu mbovu pande zote mbili, na mshono wake usiikate shasi wima kwa mstari mmoja, kwa sababu mzigo utaupasua papo hapo. Fundi akiwa chini huko, apitishe vidole kwenye mabomba membamba ya breki yaliyofungwa kando ya shasi. Bomba lililovimba magamba libadilishwe zima. Kulisugua kwa msasa ni kulipunguza unene uliobaki, na litapasuka siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu zote.

Mwisho, sehemu ya shasi yenye namba iliyogongwa isikatwe, isisagwe wala isizibwe na kiraka. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na ikiwa kutu imefika hapo, mwenye gari azungumze kwanza na Mamlaka ya Mapato na polisi wa usalama barabarani, kisha ndipo fundi awashe mashine.